Orodha ya wanachama sio mali ya sekretarieti

Watu wakisikia habari za faragha mawazo yanaenda kwa wadukuzi, mtu amejifungia chumbani na kompyuta anavunja mifumo ya wenzake. Kwenye vyama vya kitaaluma, vya wahandisi, wahasibu, manesi, wanasheria, wapima ardhi, watu wa maabara na wengineo, mi naona shida kubwa haiko huko. Taarifa za wanachama mara nyingi haziibiwi, zinatolewa na ofisi yenyewe, tena kwa roho safi kabisa, kwa barua pepe yenye faili la Excel limeambatanishwa, kwenda kwa mdhamini wa mkutano mkuu, kwa kampuni ya bima inayotaka kuwapa wanachama ofa, kwa mgombea uenyekiti ambaye ni rafiki wa katibu. Hakuna aliyehujumu kitu, kila mtu anaona amesaidia.

Hebu tuangalie chama kinajua nini juu yako. Fomu ya kujiunga peke yake inachukua majina yote, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, picha, anwani ya nyumbani, simu, vyeti, mwajiri wa sasa na wa zamani, na majina ya watu wawili wa kukupendekeza. Hiyo ni siku ya kwanza. Miaka inavyoenda zinaongezeka ada ulizolipa na ulizochelewesha, mafunzo uliyohudhuria na uliyoyakimbia, mitihani uliyofeli kabla hujafaulu, kamati ulizokaa, malalamiko ya wateja dhidi yako hata yale yaliyotupwa, na kama chama kina mfuko wa kusaidiana au bima ya kundi basi humo ndani yupo mwenza wako, wapo watoto wako na tarehe zao za kuzaliwa, watu ambao hawajawahi kujiunga na chochote wala kusaini popote. Ukirundika vitu hivyo kwa miaka 20 unapata picha ya mtu iliyokamilika kuliko ile aliyonayo mwajiri wake, maana waajiri anabadilisha ila chama ni kile kile.

Sasa swali ambalo vyama vingi havijawahi kukaa chini kulijibu: hii orodha ni ya nani? Ukisikiliza jinsi viongozi wanavyoongea utadhani ni rasilimali ya ofisi, kama jengo au gari, kitu ambacho kamati tendaji inaweza kukikodisha pesa ikipungua.

Kuna kesi moja ya Uholanzi inayofaa kusomwa na kila katibu mkuu. Ni ya chama cha tenisi cha nchi hiyo, KNLTB, sio cha kitaaluma najua, ila mantiki ni ile ile. Mwaka 2018 chama hicho kiliwapa wadhamini wake wawili taarifa za wanachama kwa malipo, mmoja akapata za watu 50,000 na mwingine za zaidi ya 300,000, majina, jinsia, anwani, na wanachama wakaanza kutumiwa matangazo kwa posta na kupigiwa simu za ofa. Mmoja wa hao wadhamini alikuwa anauza vifaa vya michezo, sawa, angalau unaona uhusiano na raketi, ila mwingine alikuwa ni watu wa bahati nasibu. Machi 2020 mamlaka ya ulinzi wa data ya Uholanzi ikatangaza kwamba imekitwanga faini ya euro 525,000. Chama hakikukubali, kikaenda mahakamani na hoja ambayo utaisikia kwenye chama chochote duniani: tunahitaji mapato, ada peke yake haitoshi, halafu hizi ofa zina faida kwa wanachama wenyewe, kwahiyo tuna maslahi halali, yaani sababu ambayo sheria inaikubali ya kutumia taarifa za mtu bila kumwomba idhini.

Shauri likafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg, na tarehe 4 Oktoba 2024 ikatoa tafsiri yake. Kilichonivutia ni kwamba mahakama haikusema kutafuta pesa ni dhambi. Ilisema maslahi ya kibiashara yanaweza kabisa kuhesabika kuwa halali ilimradi hayavunji sheria, ila kuna masharti, lazima kutoa hizo taarifa kuwe ni jambo ambalo huwezi kulikwepa, na lazima uangalie mwanachama alitarajia nini siku alipokupa taarifa zake. Halafu ikaja na kitu rahisi mpaka kinatia aibu: chama kingeweza tu kuwaambia wanachama kabla na kuwauliza kama wanataka. Basi. Ikagusia pia kwamba kumpelekea mtu matangazo ya michezo ya kubahatisha kunaweza kumletea madhara ambayo hakuyafuata alipojiunga kucheza tenisi.

Hapo ndo wengi wanaishia, wanasema sawa, dawa ni kuomba idhini, tuweke kiboksi kwenye fomu mtu atiki tumalizane. Na hapo ndo mimi naachana nao.

Idhini ina maana kama kukataa kunawezekana bila kuumia. Mcheza tenisi akikasirika anaacha uanachama, anatafuta ukuta anapiga mpira peke yake. Mwanasheria je? Katika nchi nyingi huwezi kusimama mahakamani kama hujasajiliwa kwenye chama cha wanasheria, na hata kwenye fani ambazo uanachama ni hiari kwenye karatasi, tangazo la kazi linaandika "awe mwanachama hai", zabuni zinadai cheti cha uanachama, bima ya kikazi inapatikana kwa bei nafuu kupitia chama. Mtu huyo ukimwekea mbele fomu yenye kipengele cha "nakubali taarifa zangu zitumike kwa shughuli za chama na washirika wake" atasaini, atasaini chochote, manake anataka kufanya kazi. Sheria ya data ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, imeligusa hili, inasema ukipima kama idhini ilitolewa kwa uhuru uangalie kama huduma imefungwa kwenye idhini ya kitu kisichohitajika kwa huduma hiyo. Na mahakama hiyo hiyo ya Luxembourg, Oktoba 2019, ikasema kiboksi kilichotikiwa tayari kikakusubiri ukitoe mwenyewe sio idhini. Bado fomu za vyama vingi zimejaa viboksi vya aina hiyo, na vingine havina hata kiboksi, kuna sentensi tu kule chini kwa maandishi ya mchwa.

Kwahiyo msimamo wangu ni kwamba chama ambacho watu hawawezi kukiacha kinatakiwa kiombe idhini chache na kijizuie zaidi. Yaani yapo mambo ambayo hata wanachama wote wakitiki, ofisi haitakiwi kuyafanya, na kuuza au kugawa orodha kwa wafanyabiashara ni la kwanza. Wala pesa ya mdhamini haipotei, hili ndo viongozi huwa hawalioni. Mdhamini anataka ujumbe wake ufike kwa wanachama, sasa ofisi iutume yenyewe, iuweke kwenye jarida lake, iandike juu kabisa kwamba ni tangazo la kulipiwa, atakayependa ofa atabofya linki na kujiandikisha kwa hiari yake huko huko kwa mdhamini. Faili la Excel halijatoka ofisini na pesa imeingia. Mdhamini akisema hapana, nataka majina na namba zenyewe, basi ameshakuambia alikuwa ananunua nini.

Kanada wana kipengele ninachokipenda sana kwenye sheria yao ya mwaka 2000 inayoitwa PIPEDA. Sheria hiyo kwa kawaida inazihusu biashara, vyama visivyo vya faida vingi viko nje yake. Ila kwenye kueleza nini ni shughuli ya kibiashara wameandika wazi kwamba kuuza, kubadilishana au kukodisha orodha za wafadhili na za wanachama kunahesabika. Kwa maneno mengine ukianza kuchuuza orodha huna tena pa kujificha na kusema sisi ni chama tu. Kubadilishana nako kumo, na hiyo ni muhimu kwa sababu vyama vinapenda sana ule mtindo wa "tupeni yenu tuwape yetu", hakuna pesa iliyopita kwahiyo kila mtu anajiona msafi.

Kuna wanaouliza, jamani, kwani kuwa mwanachama wa chama cha wahandisi ni siri? Mara nyingi sio siri, watu wanaandika hadi kwenye kadi za biashara. Lakini historia inatuonya tusijibu haraka. Mwaka 1958 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya NAACP dhidi ya jimbo la Alabama, jimbo lilikuwa linataka chama hicho cha kutetea haki za weusi kikabidhi majina ya wanachama wake, kilipokataa kikapigwa faini ya dola 100,000 kwa kudharau amri, na majaji wa mahakama ya juu wote kwa pamoja wakasema hapana, kuwalazimisha watoe majina ni kuua uhuru wa watu kujumuika, maana wanachama waliowahi kujulikana walifukuzwa kazi na kutishiwa maisha. Tukija karibu zaidi, mwaka 2009 Uingereza, ofisi ya kamishna wa taarifa ilivamia kiofisi kimoja kilichoitwa Consulting Association ikakuta faili za wafanyakazi wa ujenzi zaidi ya 3,000, nani yuko chama gani cha wafanyakazi, nani alilalamikia usalama kazini, na kampuni kubwa za ujenzi zaidi ya 40 zilikuwa zinalipia kuuliza jina kabla ya kumwajiri mtu. Watu walikaa bila kazi miaka wasijue kwa nini.

Ndo maana GDPR imeweka uanachama wa chama cha wafanyakazi kwenye kundi moja na afya, dini na siasa, taarifa nyeti. Sasa vyama vingi vya kitaaluma viko katikati, British Medical Association ya madaktari kwa mfano ni chama cha kitaaluma na hapo hapo ni chama cha wafanyakazi, orodha moja ina sura mbili. Leo ni kadi ya heshima, kesho kukiwa na mgomo inageuka kuwa ushahidi. Katibu anayeitunza hawezi kujua kesho itakuwaje.

Tuje kwenye kitu kinachochanganywa kila siku, rejista na kitabu cha wanachama. Rejista ya wenye leseni ni ya umma na inatakiwa iwe ya umma, mgonjwa ana haki ya kujua kama anayemshika mwili ni daktari kweli, mwenye nyumba ana haki ya kujua kama aliyesaini ramani ana sifa. Siwaungi mkono kabisa wataalamu wanaodai "faragha" ili mteja asijue kwamba walisimamishwa kazi mwaka jana. Ila rejista inahitaji vitu vichache sana: jina, namba ya usajili, fani, hali ya leseni, adhabu zilizothibitishwa. Anwani ya nyumbani ya nesi anayeishi peke yake inafanya nini humo? Simu binafsi je? Haya huwa yanaingia kwa uvivu, mtu wa kompyuta kachukua safu zote za kanzidata kazimwaga kwenye tovuti, au mbaya zaidi kuna faili la PDF la mwaka fulani la "wanachama waliolipa ada" limekaa mtandaoni, injini za utafutaji zimeshalisoma, na kulifuta kwenye tovuti haisaidii sana kwa sababu nakala zimeshasambaa. Matapeli wanayapenda mafaili hayo kufa. Mtu anajua jina lako, namba yako ya uanachama na kwamba hujalipa, anakutumia meseji yenye namba ya kulipia ada na wewe unalipa ukishukuru kukumbushwa. Kuna na ule utapeli wa makongamano, unapokea barua pepe ya mtu usiyemjua anakuuzia "orodha ya washiriki wote", mara nyingi ni uongo mtupu hana chochote, lakini unafanya kazi kwa sababu kila mtu anajua orodha hizo huwa zinavuja.

Uchaguzi ni sehemu nyingine yenye makali. Hapa nakiri kuna haki mbili zinagongana kweli, mwanachama anayetaka kuwaondoa viongozi waliopo anahitaji kuwafikia wenzake, na viongozi waliopo tayari wana orodha, kwahiyo ukisema "faragha, hatutoi" umewasaidia waliopo madarakani wabaki. Nimeona faragha ikitumika hivyo na inakera. Sheria ya kampuni ya Uingereza ya 2006 imejaribu kuipatia njia, inaruhusu watu kukagua rejista ya wanachama ila wataje wao ni nani na wanaitaka ya nini, na kampuni ikiona lengo sio sahihi inakwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kukataa, haiamui yenyewe tu. Kwa chama cha kitaaluma njia nyepesi ni ofisi kutuma ujumbe wa kila mgombea, urefu sawa, idadi sawa, siku moja, na mwenyekiti aliyepo naye apitie mlango huo huo asitumie barua za ofisi kama kampeni.

Matawi sasa. Makao makuu wanaweza kuwa na mfumo mzuri, nywila ndefu, kila kitu, halafu kila tawi lina mweka hazina wa kujitolea mwenye nakala ya orodha kwenye laptopu yake ambayo watoto wanachezea gemu. Amemaliza muda wake mwaka juzi, orodha bado anayo, na yuko kwenye kampuni inayouza vitu kwa wanataaluma wale wale. Hakuna aliyemwomba aifute. Magrupu ya WhatsApp nayo, unaunganishwa bila kuulizwa na namba yako wanaiona watu 500. Hata barua pepe ya kawaida inaua: London mwaka 2015 kliniki moja ilituma jarida kwa watu zaidi ya 700, wengi wao wanaishi na virusi vya Ukimwi, anwani zote zikawekwa sehemu inayoonekana badala ya ile ya siri, wote wakaonana, na faini iliyofuata ilikuwa pauni 180,000. Kosa la sekunde moja la mtu aliyechoka. Sasa weka hapo tangazo la "wanachama wenye mashauri ya nidhamu" uone.

Na nidhamu ndo kabati ambalo ningelifungua la mwisho. Lalamiko lililotupwa lisikae kwenye faili la mtu milele, likisubiri siku atakapoomba kuwa mjumbe wa kamati halafu mzee mmoja akohoe aseme "huyu si aliwahi kuwa na kesi?". Iwepo tarehe ya kufuta, iandikwe. Aliyeondoka kwenye chama vilevile, kuna vitu vya kubaki, kwamba alikuwa mwanachama toka mwaka gani mpaka gani, adhabu zilizothibitishwa, hesabu za fedha kwa muda sheria inaotaka. Majina ya watoto wake hayamo. Akaunti yake ya benki haimo.

Najua jibu la vyama vidogo, sisi tuna mfanyakazi mmoja na nusu, haya mambo ni ya wenye wanasheria. Lakini mambo mengi niliyoyataja hapa hayana gharama, ni kutokukusanya, kutokutuma, na kufuta. Wala sio mzigo mpya ulioletwa na Wazungu juzi. Kanuni kwamba useme unachukua taarifa kwa ajili ya nini na uishie hapo hapo iko kwenye miongozo ya mwaka 1980 ya OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi tajiri, na Afrika tuna Mkataba wa Malabo, ule wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data, uliopitishwa 2014 ukaanza kufanya kazi Juni 2023. Kinachokosekana ni ratiba. Chini ya GDPR taarifa zikivuja na kuna hatari kwa watu, mamlaka ijulishwe ndani ya saa 72, na mtu akiomba nakala ya taarifa zake ajibiwe ndani ya mwezi. Jaribu kuomba yako kwenye chama chako wiki hii, omba kwa maandishi, uone kama kuna mtu yeyote anajua hiyo barua inaenda meza gani.

Usipoteze muda na sera ya faragha, nyingi zimenakiliwa kutoka kwa chama kingine mpaka jina la chama kile limesahaulika humo ndani. Tafuta tu ule mstari wa "washirika wetu wa kuaminika" na uulize ni akina nani kwa majina. Halafu mkutano mkuu ukifika uliza swali moja: mwaka huu orodha imetoka ofisini mara ngapi, kwenda kwa nani, nani alisaini, na waliopokea wameshaifuta? Katibu akisema hakuna daftari la hivyo, pendekeza liwepo na mkaguzi wa nje alipitie kila mwaka pamoja na vitabu vya fedha. Ila ombeni liingie kwenye ajenda kabla ya taarifa ya mweka hazina, maana ikishasomwa ile nusu ya ukumbi huwa wameshaondoka.